Mtetezi wa wanyonge anadaije kodi? Jibu kwa msomaji wa Makorora kuhusu viwanja vitupu

*Swali:* Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Makorora, Tanga. Tuna kikundi chetu cha vijana. Wengine wana kadi za vyama, wengine hatuna, ila wote tunajihesabu kuwa wapenda maendeleo. Tunaona viwanja vya Kange, Mwahako na Pongwe vimeota magugu miaka nenda miaka rudi, wenyewe wako Dar, na sisi tunapanga chumba kimoja. Tunataka tudai kodi ya ardhi itakayombana anayehodhi. Tumegawanyika. Wengine wanasema kodi yoyote mwisho wake humwangukia maskini. Wengine wanasema ardhi ya Tanzania ni ya umma, sasa kodi ya nini tena? Na lipo la aibu: baadhi ya wakubwa wetu kikundini wana viwanja hivyo hivyo. Je, tunaweza kudai kodi hii tusipoteze msimamo wetu? Na wakitupa nusu, tuchukue?

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. Kazi yangu imekuwa uthamini wa ardhi na majengo huku huku pwani, kwa hiyo nitaongea kama mthamini kwanza, siasa zije baadaye. Kwa ufupi: ndiyo, daini. Na nusu mchukue, lakini iko nusu ya kuchukua na nusu ya kukataa, na hapo ndipo vikundi vingi hujikwaa.

Tuanze na kodi iliyopo, maana hofu ya wenzako imetoka huko na wala si hofu ya bure. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Ilianza Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kwa mkusanyaji ni raha tupu: hakuna kugonga mlango wa mtu. Sasa tazama inavyoanguka. Nyumba ya tofali ya vyumba viwili ya Mikanjuni na jumba la Raskazone lenye bustani inayoshuka hadi baharini, maadamu si ghorofa, zinalipa 18,000 zile zile. Anayekatwa ni anayenunua umeme, na mara nyingi huyo ni mpangaji. Anaambiwa akadaiane na mwenye nyumba wake. Wangapi wanathubutu? Na kiwanja kitupu cha Kange hakina mita. Magugu hayanunui umeme, kwa hiyo kodi ya majengo haikijui.

Kwa kodi ya namna hiyo, anayesema mzigo humwangukia maskini amesema kweli. Anapokosea ni pale anapochukua tabia ya kodi hii akaibandika kwenye kodi zote.

Nyinyi mnazungumzia kodi ya thamani ya ardhi peke yake, bila kuhesabu kilichojengwa juu yake. Mtu wa pwani hahitaji darasa refu kuielewa. Tangu zamani huku kwetu, kuanzia Tanga na Pangani hadi Bagamoyo, minazi ilikuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe. Mtu alipanda minazi kwa idhini kwenye ardhi ya watu wengine, akaiweka rehani, akaiuza, akairithisha wanawe, na ardhi yenyewe isiguswe. Ukikaa na wazee wa Pangani watakusimulia kesi za minazi ya fulani ndani ya shamba la fulani mpaka usiku uingie. Mnazi ni jasho la mtu. Ardhi iliyo chini yake hakuna aliyeipanda. Kodi ya majengo inatoza mnazi. Kodi mnayoitaka nyinyi inatoza pale mnazi uliposimama, uwe umepandwa au haujapandwa.

Weka hesabu, na hizi ni tarakimu za mfano tu. Viwanja viwili vimepakana, ukubwa mmoja, ardhi ya kila kimoja ina thamani ya Sh milioni 20. Wa kwanza amejenga vyumba vya kupangisha kwa milioni 60. Wa pili ana magugu. Ukitoza asilimia 1 ya mali yote, aliyejenga analipa 800,000 na mwenye magugu 200,000. Jumla milioni moja. Ukitoza asilimia 2.5 ya ardhi peke yake, kila mmoja analipa 500,000, na jumla ni milioni moja ile ile. Halmashauri haijapoteza hata senti. Kilichobadilika ni kwamba aliyejenga amepumua, na mwenye magugu sasa ana sababu ya kujiuliza anakingoja nini.

Je, hatampandishia mpangaji? Atajaribu, mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Lakini tayari anatoza kile ambacho soko la Makorora linakubali. Angeweza kutoza zaidi asingengoja kodi imfundishe. Kodi ya jengo hupandisha pango kwa sababu inapunguza hamu ya kujenga: vyumba vikiwa haba, wapangaji wanagombania. Kodi ya ardhi haipunguzi ardhi. Kiwanja hakihamishiki kwenda Mombasa kukwepa kodi. Ikizidi, mwenye magugu atajenga au atauza kwa anayetaka kujenga, vyumba vitaongezeka, na pango litapata shinikizo la kushuka. Katika mambo ya kodi, ambako wachumi hugombana karibu kila kitu, hili ni mojawapo ya machache ambayo wa mrengo wa kulia na wa kushoto wamelikubali kwa muda mrefu.

Sasa hoja ya pili, kwamba ardhi ni ya umma. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inasema hivyo kweli: ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Lakini neno hilo lina historia, na mtu anayejiita mpenda maendeleo aijue kabla hajaitumia kama ngao. Wa kwanza kutangaza kwamba ardhi ya huku ni ya dola walikuwa Wajerumani. Amri yao ya 1895 iliifanya ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kuwa isiyo na mwenyewe, ya taji, isipokuwa mtu athibitishe kuwa ni yake, na mkulima wa Bonde au wa Usambara angethibitisha kwa karatasi gani? Mashamba ya mkonge yalikatwa humo. Mwingereza naye, kwa sheria yake ya 1923, akaiweka ardhi yote chini ya gavana. Kwa hiyo ardhi kuwa ya serikali hakujawahi peke yake kuwa utetezi wa mnyonge. Inategemea serikali inafanya nini na ile thamani.

Na hapa kuna jambo ambalo hunichekesha na kunikasirisha kwa pamoja. Wajerumani hao hao waliweka kodi ya kibanda hapa kwetu, iliyoanza kukusanywa 1898. Kila nyumba ilipe rupia. Asiye nazo akatafute kibarua. Lengo lilikuwa fedha na pia mikono ya kufanya kazi mashambani. Mwaka huo huo wa 1898, katika bandari ya Qingdao waliyoinyakua kule China, waliweka kodi ya asilimia 6 ya thamani ya ardhi kila mwaka, na juu yake theluthi ya faida pale kiwanja kinapouzwa. Walikwishaona walanguzi wanavyonenepa bandari inapojengwa, wakawawahi. Dola moja, mwaka mmoja, bandari mbili. Qingdao mlanguzi alibanwa, na Tanga akabanwa mwenye kibanda. Basi mtu akikwambia kodi ya thamani ya ardhi ni ndoto ya wasomi, mwambie hata mkoloni aliijua. Ila hakututaka sisi tuifaidi.

Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1958, wakati serikali ya kikoloni ikipendekeza umilikaji huru wa ardhi, kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu. Mtu anayefyeka pori anamiliki kazi aliyoitia pale, hamiliki pori lenyewe. Ndiyo ile habari ya minazi. Baada ya uhuru, mwaka 1963, milki huru zikageuzwa kuwa za muda wa miaka 99 chini ya serikali. Hapo tukaingia kwenye mtego wa aina yake: kwa kuwa ardhi tupu haikutakiwa kuwa bidhaa, tukajifanya haina bei. Bei haikuondoka, ilijificha. Watu waliuza kiwanja kwa jina la msingi wa tofali kumi na miti miwili ya mwembe. Sera ya Ardhi ya 1995 na sheria ya 1999 zikakiri kwamba ardhi ina thamani, na marekebisho ya 2004 yakaruhusu kuuza ardhi tupu. Kwa hiyo tumekiri kwamba thamani ipo, tumeruhusu mtu aiuze aitie mfukoni, lakini umma unaosemekana ndio mwenye ardhi hatujauwekea njia ya maana ya kupata sehemu yake.

Na thamani hiyo inatoka wapi? Mwenye kiwanja cha Kange hakuihamishia stendi ya mabasi pale. Agosti 2017 jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima lilipowekwa Chongoleani, bei zilitikisika kwa watu ambao hawakuchimba hata shimo. Bagamoyo ilikwenda mbali zaidi: makubaliano ya bandari ya Mbegani yalitiwa saini 2013, jiwe la msingi likawekwa 2015, mradi ukasimama, ukazungumzwa tena 2021, na muda wote huo kuanzia Mapinga hadi Zinga watu wa Dar walinunua viwanja vya kungojea meli. Bandari yenyewe haijaonekana, bei imeonekana. Sisi wa Tanga tunasifiwa kwa *waja leo waondoka leo*. Mwenye kiwanja wa namna hii hata kuja haji.

Utaniuliza: si hati ina sharti la kuendeleza, kwa kawaida ndani ya miezi 36, na Rais si anaweza kufuta milki? Anaweza. Lakini adhabu kubwa hivyo haitumiki kila siku, na kinachotumika mara moja moja hutumika kwa kuchagua. Kodi ya kila mwaka haichagui. Ipo pia kodi ya faida unapouza, ila hiyo humngoja muuzaji. Asiyeuza haguswi, na anayeuza anajua namna ya kushusha bei kwenye mkataba.

Aliyelifanya wazo hili kuwa harakati ya watu alikuwa Mmarekani Henry George, mpiga chapa na mwandishi wa magazeti wa San Francisco, aliyelitangaza kwa kitabu mwaka 1879. Nakutajia kwa sababu ya siasa zake zaidi ya uchumi wake. Mwaka 1886 vyama vya wafanyakazi vya New York vilimsimamisha kugombea umeya. Akashika nafasi ya pili, akamwacha nyuma Theodore Roosevelt aliyekuja kuwa Rais. Harakati ilikuwa na joto la ajabu. Mwaka uliofuata wakafukuzana: George na wenzake waliwatoa wasoshalisti kwenye chama, wasoshalisti wakaondoka na watu wao, na uchaguzi wa 1887 wakaanguka vibaya. Waligombana kama tatizo ni ardhi peke yake au ni mtaji pia, swali ambalo lingeweza kungoja hata miaka mitano. Mnaogawanyika Makorora sasa hivi mnafanana nao kuliko mnavyodhani.

Lakini funzo kubwa kuliko yote halijatoka Marekani. Limetoka Upare, wilaya iliyokuwa ndani ya Jimbo la Tanga zama hizo, na ningependa kikundi chenu kilikae kitako kilizungumze.

Katika miaka ya 1940 watawala wa Upare, wakishirikiana na serikali ya Mwingereza, walileta kodi iliyojulikana kama mbiru. Kwa karatasi ilikuwa kodi ya haki kuliko ya kichwa: badala ya kila mtu kulipa sawa, kila mmoja apimwe mali yake, ng'ombe, kahawa, mashamba, alipe kwa kadiri ya uwezo. Mpenda maendeleo yeyote angeipigia makofi. Wapare waliikataa. Mwanzoni mwa 1945 maelfu waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi Same, makao ya wilaya, wakakaa kwa miezi. Wakati mwingine wanawake nao wakaandamana huko Usangi, maana waume walikuwa kambini na kazi za nyumbani na shambani zimewaelemea. Na jambo la kushangaza: hawakuwa wanakataa kulipa. Walikuwa tayari hata waongezewe kodi, ilimradi iwe ya kiwango kimoja kinachojulikana. Walichokataa ni kupimwa mali na jopo la mtawala bila kujua kapimaje, fulani kaandikiwa nini, na kwa nini jirani yake mwenye ng'ombe wengi kaandikiwa kidogo. Mwisho mbiru ikaondolewa.

Tafakari hapo. Watu wa kawaida, wengi wao maskini, waliing'oa kodi ambayo ingempunguzia maskini, kwa sababu hawakumwamini anayepima. Na sidhani walikosea. Kodi inayopimwa gizani ni silaha mkononi mwa anayepima.

Waingereza nao yaliwakuta kwao. Bajeti ya 1909 ya waziri wa fedha Lloyd George ilikuwa na kodi za thamani ya ardhi. Mabwana wa Baraza la Juu wakaikataa, nchi ikaenda kwenye uchaguzi mara mbili mwaka 1910, na sheria ya 1911 ikawapunguzia mabwana hao nguvu za kuzuia bajeti. Ushindi mkubwa wa kisiasa! Lakini kodi yenyewe ilihitaji kuthamini ardhi ya nchi nzima, kazi ikaburuta, vita vikaingia, makusanyo yakawa madogo kuliko gharama, na mwaka 1920 ikafutwa. Jirani zetu wa Nairobi walikuwa na mfumo huu kwa miongo mingi, wakitoza ardhi bila majengo, lakini daftari la uthamini la miaka ya mwanzo ya 1980 lilitumika karibu miaka 40. Mji ukakua, bei zikaruka, daftari likaendelea kusoma bei za zamani.

Ndiyo maana nasema daini daftari kwanza, kodi ifuate. Daftari la thamani za ardhi mtaa kwa mtaa, lililobandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa, ambalo mama muuza samaki anaweza kuangalia kiwanja chake kimeandikwa ngapi na cha mheshimiwa ngapi. Ardhi ni rahisi kuthamini hadharani kuliko ng'ombe wa Upare: haifichwi kwa shemeji, na viwanja vilivyopakana havipishani sana kwa mita ya mraba. Mtu wa kawaida anaweza kuikagua kazi yangu kwa macho. Kwa jengo hawezi. Hajui nondo ngapi zimelala ndani.

Sasa yuko mtu mmoja ambaye wapinzani wenu watamtumia, nanyi msimkwepe: mjane wa Ngamiani, nyumba ya urithi ya Kiswahili barabara ya kumi na ngapi, karibu na soko, hana kipato ila vitumbua vya asubuhi. Ardhi yake ina bei kubwa bila yeye kutaka. Mkimtoza kama mwenye duka mtamhamisha, na anayesubiri kununua ni yule yule mlanguzi. Dawa zipo. Ya kwanza ni kiwango cha msamaha kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kuahirisha: kodi inaandikwa kama deni juu ya ardhi, inalipwa siku nyumba ikiuzwa. Jimbo la British Columbia huko Kanada lina utaratibu huo kwa wenye umri wa miaka 55 na zaidi, kwa miongo kadhaa sasa. Mjane anabaki kwake. Wanawe wa Dar wanaosubiri kuuza ndio watakaolipa, na hilo sioni ubaya wake.

Nije kwenye aibu yenu. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha, mishahara miwili, au hisa katika kampuni. Mwaka 1991, kwa Azimio la Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa. Kuna wanaosema yalikuwa makali mno, na kweli yaliwafanya baadhi ya watu waandikishe mali kwa majina ya wake na wajomba. Lakini yalikuwa na faida moja: ulijua anayekuhubiria anasimama wapi. Kikundi chenu hakiwezi kumkataza mtu kumiliki kiwanja, na msijaribu, mtabaki wawili. Kinaweza kutaka kila mjumbe wa uongozi atangaze viwanja vyake vyote kwa maandishi, kabla hamjamtaja mtu mwingine, na karatasi hiyo iwe ya kwanza kwenye jalada lenu. Mwenye viwanja vitatu akisema hadharani "nami nitalipa", ana nguvu kuliko masikini kumi wanaolalamika. Hakuna atakayemwita mwenye wivu. Asiyetaka kutangaza, asiwe msemaji. Abaki mwanachama, achangie chai, sawa. Ila asishike kipaza sauti.

Na nusu? Wakiwaambia kiwango ni kidogo, robo ya asilimia badala ya mbili, chukueni. Wakisema kianze Kange na Raskazone tu, chukueni. Wakisema kiingie polepole kwa miaka mitano, wazee wasamehewe, chukueni na mshukuru. Hayo ni ya kasi na ukubwa. Mwakani mtaomba tena. Wakisema daftari litakuwepo lakini halitabandikwa, kataeni. Wakisema ardhi ya mashirika na ya wakubwa haitahesabiwa, kataeni. Wakisema itakusanywa kwa mita ya umeme ya mpangaji, kataeni mara tatu. Hayo matatu yanageuza kodi yenu kuwa kitu kingine chenye jina lile lile. Binafsi ningechukua robo ya asilimia na daftari wazi kuliko asilimia mbili na daftari la kabatini, na sitaki hata kufikiria mara mbili.

Denmark kulikuwa na chama kidogo kilichosimamia kodi ya ardhi pekee, Retsforbundet. Mwaka 1957, kikiwa na viti tisa, kiliingia serikalini pamoja na chama cha Social Democrats na chama cha tatu. Mwaka 1960 kikapoteza viti vyote tisa. Wapo wanaolitaja hilo kuwa onyo dhidi ya kuingia serikali ya mseto. Mimi naona vingine: kodi ya ardhi Denmark inatozwa hadi leo, inasaidia manispaa, na wanaoilipa wengi hawajui hata jina la kile chama. Kama mnataka kodi, hiyo ni habari njema. Kama mnataka viti, bora mjue mapema, na mwambiane ukweli kikundini nani anataka kipi.

Sasa njia. Jiji la Tanga haliwezi kujiamulia kodi mpya ya namna hii. Sheria za kodi ya majengo ni za Bunge. Lakini mbegu iko tayari, nayo ni kodi ya pango la ardhi, yaani ile ambayo mwenye hati huilipa serikali kila mwaka. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka waziri, anapopanga pango, azingatie ukubwa, matumizi, na pia thamani ya ardhi kwa kuangalia mauzo ya eneo hilo. Hiyo tayari ni kodi ya ardhi bila jengo, ila viwango vyake viko mbali na bei ya soko, na mzigo uko hasa kwa aliyepimiwa. Msiombe sheria mpya. Ombeni kifungu kilichopo kitumike kama kilivyoandikwa, na sehemu ya makusanyo irudi jijini. Mthamini Mkuu wa Serikali ana thamani elekezi za maeneo, zinazotumika kwenye fidia na ada. Ziombeni kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, kata kwa kata. Diwani wenu aliingize suala barazani, nanyi mkae kwenye viti vya wananchi siku hiyo, kimya, wengi.

Anzeni na Kange peke yake. Chukueni ramani ya mipango miji, mzunguke kiwanja kwa kiwanja, mweke alama: kimejengwa, kina msingi, kina magugu. Majina ya wenyewe msiyaandike. Mnatafuta picha ya eneo, na jina moja litaigeuza kazi kuwa ugomvi wa watu wawili. Bei ulizeni kwa madalali wasiopungua watatu wasiojuana, na mziandike zote hata zikigongana. Bajeti ya nchi husomwa Juni, na maoni kuhusu kodi hukusanywa miezi mingi kabla; mkipeleka Mei mmeshachelewa. Ramani ikiwa tayari nileteeni niipitie kabla haijakwenda popote. Bei za madalali wa Kange nazijua zinavyopikwa.